Ugua Pole: Kwa Nini Muuguzi Amerudi Darasani

Mgonjwa akilala kitandani katika miji yetu hii ya Pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, watu huingia kwa zamu kumjulia hali, na neno lao la kwanza ni moja: ugua pole. Hatumwambii pona upesi, kwani kupona kuna mwenyewe akupaye. Twamtakia ugonjwa umwendee taratibu, usimchape. Naye, hata akiwa taabani, hujibu kwamba ana nafuu, akamshukuru Mola wake.

Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, na kwa miaka mingi sikuyafikiri. Leo nayafikiri kila siku, kwa sababu ndiyo niliyokwenda kuyasomea. Mimi ni muuguzi, na katika umri ambao wenzangu wengi wanahesabu miaka iliyobaki wastaafu, nimerudi chuo kikuu kutafuta shahada ya uzamivu katika huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona na ya wale wanaouguzwa kwa miaka. Wengi wameniuliza kwa nini. Mhariri naye ameniuliza, akanipa nafasi hii nijibu.

Bangili tatu

Nilikuwa nimetimiza miaka tisa kazini shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alipopatikana na saratani ya titi. Ilikuwa imeshaenea hadi kwenye mifupa. Hospitali haikumwambia yeye. Waliambiwa wanaume wa nyumba, nao wakakutana sebuleni baada ya sala ya isha wakakata shauri kwamba asiambiwe. "Akijua atakufa kabla ya kufa," alisema ami. Nilikuwapo, na mimi ndimi niliyekuwa na ujuzi wa mambo hayo kuliko wote waliokaa pale. Sikusema neno.

Usiku mmoja nilikuwa nikimgeuza upande, akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye ilimu ya haya. Nina nini mimi?"

Nikamjibu, "Ni kidonda tu, shangazi. Inshallah kitapoa."

Alinitazama kitambo. "Haya, mwanangu," akasema, akageukia ukutani. Hakuniuliza tena.

Alifariki wiki tano baadaye. Hitima ilipokwisha akaja mwanamke mtu mzima kutoka mtaa wa pili, akakaa barazani muda mrefu akiona haya kusema. Mwishowe alieleza kwamba alimwekea shangazi amana ya bangili tatu za dhahabu, za arusi ya mjukuu wake. Hapakuwa na mtu nyumbani aliyekuwa na habari. Tulitafuta siku tatu. Mbili tulizikuta zimeshonewa ndani ya mto aliokuwa akilalia. Ya tatu hatukuipata hadi leo, ami aliilipa.

Naamini shangazi alikuwa akijua hali yake. Alikuwa akingoja mmoja wetu akiri, ili naye apate kusema yaliyomlemea: amana iko wapi, deni alipiwe na nani, nani amwitie amtake radhi. Nilimfunga mdomo kwa maneno mazuri. Kila mmoja wetu alidhani anamhurumia, na kwa huruma hiyo tukamnyima haki ambayo dini yetu imeitilia mkazo sana, ya mtu kuwahi kuandika wasia na kurejesha vya watu kabla hajaitwa.

Tiba inayotafuta nafuu

Huduma ninayoisomea ina majina mengi. Ndugu zetu wa Tanzania huiita tiba shufaa. Sikio la Mwislamu hulisikia jina hilo likakumbuka uombezi wa Siku ya Kiyama, na wengine huwaza shifaa, yaani ponyo. Mimi napenda zaidi neno la wagonjwa wenyewe, nafuu. Tiba hii haidai kuondoa maradhi. Kazi yake ni kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye maradhi mazito na mateso ya jamaa zake pamoja: maumivu ya mwili, dhiki ya moyo, mashaka ya matumizi ya nyumbani na maswali ya roho. Wala si ya siku za mwisho peke yake. Mgonjwa anaweza kuipata tangu siku ya kwanza, huku akiendelea kutibiwa maradhi yake.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na kwamba wanaoipata ni kama 14 kwa kila 100. Wengi wa wanaoikosa wako katika nchi kama yetu. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziiingize huduma hii katika mipango yao ya afya. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990. Mombasa nayo ina Coast Hospice, na kuna chama cha taifa kinachoziunganisha asasi za namna hiyo. Hata hivyo, naona kila wiki jamaa wanaotoka hospitalini wakiwa wameambiwa sentensi moja tu, "Mpelekeni nyumbani," wasijue wakifika nyumbani wafanye nini.

Pamoja na hao kuna wanaougua kwa muda mrefu: aliyepigwa na kiharusi, mwenye sukari aliyekatwa mguu, mzee aliyeingiwa na maradhi ya usahaulifu asiyemtambua mwanawe. Hao hawafi kesho. Huuguzwa miaka mitano, miaka kumi, na mara nyingi muuguzaji ni binti mmoja aliyeacha kazi au masomo kwa ajili hiyo.

Wauguzi waliotangulia

Nilipoanza kusoma nilidhani nimezua jambo geni. Sivyo. Historia yetu yamkumbuka Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema karibu na Msikiti wa Mtume mjini Madina, akiwauguza majeruhi. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki alipelekwa kwenye hema hilo ili awe karibu aangaliwe. Hakupona. Lakini hakuachwa peke yake, na hilo ndilo ninalolitazama.

Katika zama hizi jina linalotajwa kwanza ni la Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kwa uuguzi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mgongo ukamtesa akaiacha kazi hiyo, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1948 alimhudumia mgonjwa wa saratani, David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa mbali na jamaa zake, na mazungumzo yao yakampa wazo la nyumba maalumu ya wagonjwa kama yeye. Tasma alipofariki alimwachia pauni 500. Saunders alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1957 akiwa karibu kutimiza miaka 40, na mwaka 1967 akaifungua St Christopher's, London. Ni yeye aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa mpigo, na kwamba dawa ya maumivu itolewe kwa saa zake, mgonjwa asingojewe mpaka alie.

Aliyenigusa zaidi, hata hivyo, ni muuguzi ambaye hatajwi sana, Jeanne Quint Benoliel wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2012. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya utafiti juu ya wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, akaona kwamba wengi hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu yao. Madaktari na wauguzi walikuwa wepesi wa kuzungumzia kidonda na wazito wa kuzungumzia kifo. Kisha aliungana na wanazuoni wawili wa elimu ya jamii, Barney Glaser na Anselm Strauss, waliokuwa wakichunguza jinsi watu wanavyokufa katika hospitali za San Francisco.

Glaser na Strauss walitoa kitabu mwaka 1965 kilichoeleza hali nne. Ya kwanza, mgonjwa hajui na wote wanaomzunguka wanajua. Ya pili, mgonjwa anashuku na anapeleleza. Ya tatu, kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Ya nne, wote wanajua na wanazungumza. Nilipofika kwenye hali ya tatu nilikifunga kitabu, nikatoka nje nikakaa. Ilikuwa chumba cha shangazi yangu, kama kwamba mwandishi alikuwapo usiku ule.

Benoliel mwenyewe alitoa kitabu mwaka 1967 juu ya muuguzi na mgonjwa anayekufa. Alionyesha kwamba wauguzi hufundishwa kuokoa maisha na hawafundishwi namna ya kukaa na asiyeokoleka, ndipo wakajificha nyuma ya kazi za mikono: kupima joto, kubadilisha shuka, kutoka upesi. Baada ya hapo aliendelea hadi shahada ya udaktari wa uuguzi mwaka 1969, akichunguza vijana wenye maradhi ya sukari na jamaa zao, yaani watu watakaoishi na ugonjwa umri wao wote. Akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington. Alikuwa muuguzi aliyeona jambo wodini, asitosheke kulalamika, akalifuata kwa elimu mpaka walimu wa uuguzi wakabadilisha mafunzo yao.

Safari yenyewe

Basi utafiti wa uzamivu ni nini? Kwa ufupi, ni kuuliza swali moja ambalo halijapata jibu la kutosha, kulitafutia jibu kwa njia ambayo wengine wataweza kuikagua, kisha kulitetea mbele ya wajuzi. Hutangulia kusoma yaliyokwisha kuandikwa. Hufuata pendekezo la utafiti, ambalo wasimamizi hulirudisha na wino mwekundu mara tatu au nne. Halafu huja kamati ya maadili, inayotaka kujua mgonjwa atalindwaje na siri yake itahifadhiwaje, na baada yake kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Hapo ndipo mtafiti hubisha hodi ya kwanza.

Mimi ningali kwenye ngazi za kabla ya hodi. Swali langu ni hili: jamaa za Kiislamu za Pwani huamuaje kumwambia au kutomwambia mgonjwa habari ya maradhi yake, na uamuzi huo humfanya nini mgonjwa na humfanya nini anayemuuguza? Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa huonekana kuwa mwenye shauri lake peke yake. Kwetu shauri ni la ukoo. Haitoshi kulichukua jibu la London nikalibandika Lamu. Lakini pia haitoshi kusema "ndiyo mila yetu" tukanyamaza, kwani nimeshaziona gharama za mila hiyo kwa macho yangu.

Sitaki nifike na jibu mfukoni. Huenda nikakuta wagonjwa ambao kwa kweli hawapendi kuambiwa, na kunyamaziwa kwao kukawa ndiyo rehema. Hao nao wana haki ya kusikilizwa. Wasimamizi wangu hunikumbusha kila mara kwamba mtafiti aliyekwisha kuhukumu huwa hasikii.

Ugumu wa safari hii si wa vitabu peke yake. Nasoma baada ya zamu, watoto wakishalala. Karo inaliwa na mshahara. Siku moja mama mkwe wangu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, wasoma kufa?" Nikamwambia nasoma namna ya kuwakalia wanaokufa. Akafikiri, akasema, "Basi soma, na mimi siku yangu yaja." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewapikia wajukuu chakula cha usiku nikiwa chuoni.

Hofu ya dawa na hofu ya unga

Kuna jambo jingine linalowatesa wagonjwa wetu bila sababu, nalo ni hofu ya mofini. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilianza kufundisha dawa za maumivu kwa ngazi tatu: kwanza dawa za kawaida kama paracetamol, yakizidi, dawa kama codeine, yakiwa makali, mofini. Mofini ya maji hunywewa, ni rahisi kutengenezwa, na kwa mgonjwa wa saratani ndiyo huamua kama atalala usiku au atalia usiku. Jirani zetu wa Uganda walipiga hatua kubwa mwaka 2004 walipowaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi.

Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kuiogopa. Tumewazika vijana walioharibiwa na unga, na jamaa wakisikia kwamba mofini ina nasaba na heroini, hushtuka. Nimewahi kuona chupa imefichwa kabatini na mgonjwa akilia kitandani, kwa kuwa mwanawe alichelea mama asife akiwa mteja wa dawa za kulevya. Ukweli ni kwamba mgonjwa anayepewa kipimo sahihi cha kutuliza maumivu yake, chini ya uangalizi wa wajuzi, hali yake si ya mtu anayetafuta ulevi. Wala kipimo kilichopandishwa kwa uangalifu hakimharakishii mauti. Dawa hii hufunga choo, na kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Hilo muulizeni daktari tangu siku ya kwanza. Kwa upande wa dini, wanazuoni wengi wameruhusu dawa ya aina hii kwa haja ya tiba. Mwenye shaka na amwendee sheikh wake, ila aende na maelezo kamili ya daktari, na asimwache mgonjwa akateseka huku yeye anangoja.

Mfano wa ng'ambo ya bahari

Watu huniambia kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Mimi huwajibu kwa kuwatajia Kerala, pwani ile ya Bara Hindi ambayo majahazi yetu yaliijua tangu zamani. Mwaka 1993 ilianzishwa kliniki ndogo ya maumivu na tiba ya nafuu katika chuo cha tiba cha Kozhikode. Waanzilishi waliona upesi kwamba wagonjwa wengi hawawezi kufika hospitalini. Baadaye ukaanza mtandao wa majirani, nao ulikita mizizi hasa katika wilaya ya Malappuram, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu.

Utaratibu wao ni mwepesi kuufahamu. Watu wa mtaa hujitolea saa chache kwa wiki na hupewa mafunzo. Wao ndio wanaojua nani amelala katika nyumba ipi, nani hana chakula, mtoto wa mgonjwa ameacha shule au la. Muuguzi huzunguka nyumba kwa nyumba, na daktari huitwa pale anapohitajika. Fedha nyingi zilitoka kwa watu wa kawaida waliotoa kidogo kidogo. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatoa sera rasmi ya huduma hiyo.

Nikisoma habari za Malappuram huona mitaa yetu. Tuna misikiti yenye kamati, madrasa zenye vijana, vyama vya kina mama vinavyochangishana kwa arusi na kwa matanga, tuna wakfu na sadaka. Jirani akifa, sufuria hupatikana, jamvi hutandikwa, na watu mia hula bila mwenye nyumba kujua mchele umetoka wapi. Nguvu hiyo yote huja baada ya mazishi. Ingekuja miezi mitatu kabla ya mazishi, binti anayemuuguza mama yake angelala usiku mmoja kwa wiki.

Yaliyo mikononi mwetu leo

Utafiti wangu utachukua miaka. Wagonjwa hawana miaka ya kungoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niruhusu niyaache machache ambayo hayahitaji shahada.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza na ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ya mgongo, nyonga na visigino itazamwe kila siku. Kidonda cha kulala ni rahisi kukizuia na ni kigumu sana kukiponya. Kinywa kilicholegea kisafishwe kwa kitambaa laini chenye maji, midomo ipakwe mafuta. Asiyeweza kutawadha atayamamishwe, asiyeweza kusimama asali ameketi au amelala. Asiachwe akidhani kwamba ibada imemfungia mlango. Chakula asilazimishwe. Mwili unaojiandaa kuondoka hupunguza hamu yake wenyewe, na kijiko kinachosukumwa kwa nguvu humpalia.

Anayeuguza naye aulizwe hali. Tumezoea kuingia tukamjulia hali aliyelala, tukampita aliyesimama na beseni mkononi. Mwambieni, "Leo nenda kalale, nitakaa mimi." Ndugu wa kiume wasijihesabu wametimiza wajibu kwa kutuma pesa; mzazi ana watoto wote, hana mabinti peke yake.

Na la mwisho ni lile lililonipeleka darasani. Mgonjwa akikuuliza, "Nina nini mimi?", usikimbilie jibu la kumtuliza. Kaa chini. Muulize, "Wewe waonaje? Wapenda nikueleze kadiri gani?" Yeye mwenyewe atakuonyesha mlango autakao. Akitaka kujua, aelezwe kwa upole na kwa kadiri yake. Akitaka kunyamaziwa, anyamaziwe. Muulize pia kama kuna jambo angependa liandikwe, deni la kulipwa, mtu wa kuitwa, amana ya kurejeshwa. Maneno hayo hayamuui mtu. Kwa uzoefu wangu, wengi hushusha pumzi wakaonekana wepesi.

Mjukuu wa yule bibi wa mtaa wa pili ameshaolewa, na nilialikwa arusini. Alivaa bangili mbili za shangazi na ile moja aliyoinunua ami. Ukizitazama mbali hutambui tofauti, lakini mimi naijua ni ipi. Ndiyo inayoniamsha usiku, nikawasha taa nikaendelea kusoma.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu nafuu, awape wanaowauguza subira na wasaidizi, na atujaalie sote mwisho mwema. Ugueni pole.